Dhahabu ya Dakika Kumi

Barua ilikuwa na aya tatu, muhuri mmoja na nakala sita. Mama Chupa aliisoma akiwa amesimama mbele ya sinki, glavu moja mkononi na nyingine kwapani, na alipofika kwenye neno "uzembe" alirudi mwanzo akaisoma upya, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Mwiba ulikuwa palepale. Kutokana na uzembe wa Fundi Mkuu wa Maabara katika matayarisho ya mpiko namba 318, maonyesho ya taa mbele ya wakaguzi yalishindikana na jina la Taasisi likaingia doa. Alitakiwa kufika mbele ya kamati ya watu watatu siku ya Ijumaa, saa nne kamili, kujieleza. Asiporidhisha, ajira yake ingekoma, na barua ingebaki kwenye jalada lake hata baada ya yeye kuondoka, kwa faida ya yeyote atakayetaka kujua alikuwa mtu wa namna gani.

Chini, kwa herufi ndogo, waliorodheshwa waliopelekewa nakala: Mkuu wa Taasisi, Ofisi ya Utumishi, Idara ya Ununuzi, Mlinzi Mkuu, Maktaba, na Jalada.

"Maktaba?" aliuliza. Maabara ilikuwa tupu, kwa hiyo aliliuliza sinki. "Maktaba nimewakosea nini?"

Sinki halikujibu. Kwa miaka ishirini na miwili ya kufanya kazi pamoja, lilikuwa halijawahi kumjibu vibaya, sifa ambayo hakuweza kumpa mtu mwingine yeyote katika jengo lile.

Aliingia pale kuosha vyombo, kwa mkataba wa mwezi mmoja ambao hakuna aliyekumbuka kuusitisha. Jina la Mama Chupa alipewa na wanafunzi wa mwanzo kabisa, ambao sasa ni watu wazima wenye vitambi na vyeo, kwa sababu hakukubali mtu apitishe brashi ndani ya chombo cha kioo. Brashi inakwaruza, alisema, na mkwaruzo mmoja ni pahali pa dhahabu kujibanza na kuharibu wenzake. Vyombo vyake aliviosha kwa asidi mbili zilizochanganywa, mchanganyiko mkali unaoweza kuyeyusha hata dhahabu yenyewe, kisha akavisuuza kwa maji yaliyosafishwa kwa mashine mara kumi na moja. Profesa, mwenye maabara, aliwahi kumuuliza kwa nini isiwe mara kumi. Alijibiwa kwamba mara kumi zinatoa asidi, na ya kumi na moja inatoa wasiwasi.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ilikuwa hivi. Profesa alitengeneza taa. Si taa za kuning'inia darini. Vipande vya kioo vyenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, vilivyopakwa tabaka juu ya tabaka, na katikati tabaka moja la fuwele ziitwazo perovskaiti. Fuwele hizo humiminwa kama wino, hukauka, na ukizipitishia umeme hutoa mwanga wa kijani ambao mtu akiuona mara ya kwanza husahau alikuwa anataka kusema nini. Zina tabia zote za mtoto mwenye kipaji: zinang'aa upesi, zinachoka upesi, hazitaki unyevu, na sehemu kubwa ya umeme unaozilisha huishia kuwa joto. Dawa ya hilo ilikuwa dhahabu. Chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba elfu mbili zikipangwa mstari ndipo zinafikia upana wa unywele, huwekwa chini ya fuwele. Mwanga ukizipata hutikisika kwa pamoja kama ngozi ya ngoma, na mtikisiko huo huzihimiza fuwele zitoe mwanga wao haraka, kabla haujapotea.

Ila lipo sharti. Dhahabu ikigusana na fuwele, huunyonya mwanga badala ya kuuongeza. Ikikaa mbali mno, haina kazi. Kwa hiyo kila chembe huvishwa koti la kioo, jembamba lakini lisilo na tundu. Profesa alilieleza jambo hilo kwa milinganyo kumi na minne. Mama Chupa alilieleza kwa maneno machache: "Ni kama shemeji. Akae jirani, asihamie."

Dhahabu ile na makoti yale aliyatengeneza yeye. Alichemsha maji, akatia chumvi ya dhahabu, kisha akamwaga sitreti, chumvi itokanayo na asidi ya limau, kwa mkupuo mmoja, akatazama. Umanjano ulipauka, ukafuata weupe wa maji matupu, kijivu cha wingu la mvua, zambarau, na mwisho wekundu wa mvinyo. Wekundu huo alijua kuusoma kama wengine wanavyosoma uso wa mtoto anayedai kuwa amekula. Baada ya hapo likaja koti: dakika arobaini za kukoroga, si thelathini na tano. Hizo arobaini zilimgharimu miaka miwili kuzipata. Profesa alipoziandika kwenye jarida la kisayansi, fundi alishukuriwa mwishoni "kwa msaada wa kiufundi", mara baada ya mashine ya kupimia mwanga, ambayo yenyewe ilitajwa kwa jina kamili na namba ya toleo.

Na kila mpiko, kabla haujaenda popote, alichota kijiko kimoja, akakitia kwenye kichupa chenye kizibo, akaandika namba na tarehe, akakipanga kwenye rafu ya dirishani. Miaka kumi na mmoja ya vichupa vyekundu. Profesa aliiita rafu hiyo "ukuta wetu wa yakuti" na akawapigisha picha wageni mbele yake. Mwanafunzi wake wa shahada ya uzamivu, kijana mrefu mwenye miaka thelathini na moja ambaye kila mtu alimwita Nadharia kwa sababu alikuwa hajui kufungua mfuniko bila kwanza kuchora mchoro, aliiita duka la juisi.

Sasa fomu. Fomu ilikuwa kosa lake mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Miaka tisa nyuma, fomu za mipiko zilikuwa na nafasi ya namba, tarehe na sahihi ya Profesa, basi. Aliyepika hakuonekana. Ilikuwa kana kwamba dhahabu inajipika, inajivika koti, na inakwenda yenyewe kumtafuta Profesa aitie sahihi. Mama Chupa alipigana miezi saba. Aliandika barua, akapeleka nakala, akasubiri kwenye viti vya korido vilivyokuwa na miguu mitatu na nusu. Mwishowe Ofisi ya Utumishi ilichoka, ikachapisha fomu mpya zenye mstari wa kudumu: Mtengenezaji: Fundi Mkuu wa Maabara. Na kwa kuwa walikuwa wanachapisha, wakachapisha pia: Muda wa kukoroga: dakika 40. Alizibeba fomu hizo nyumbani kumwonyesha mume wake, akaipeperusha moja jikoni kama bendera.

Kwa miaka tisa mstari ule ulimtaja hata asipokuwepo. Haikuwa shida, maana alikuwepo siku zote. Isipokuwa siku tatu za mwezi uliopita, alipompeleka mume wake kutolewa mtoto wa jicho.

"Nenda, mama, nenda," Profesa alimwambia siku hiyo, akiwa na simu sikioni na nyingine mkononi. "Mambo ya karatasi ya nini? Sisi si familia?"

Aliporudi alikuta mpiko wa 318 umekwisha kupikwa, umevishwa, na umepelekwa kupakwa kwenye taa za wakaguzi. Nadharia alikuwa anang'aa kuliko taa. "Tumekupunguzia kazi, mama."

"Kichupa cha rafuni kiko wapi?"

"Kichupa? Aa, yale mapambo?"

Alimkemea kwa dakika tano, akafikiri yameisha. Akapika 319, akaweka kichupa chake, akaacha pengo la 318 kama jino lililong'oka. Wiki iliyofuata wakaguzi walikaa kwenye viti vya mbele, Profesa akabonyeza swichi kwa madaha ya mtu anayefungua bahari, na taa ikawaka kama kimulimuli mwenye mafua. Mkaguzi mmoja aliuliza kama tayari imewashwa.

Ndipo ikaja barua.

Nyumbani mume wake alikuwa amekaa kitandani, jicho moja limefunikwa kwa pamba na plasta. Alikuwa fundi wa redio maisha yake yote, na tangu astaafu alikuwa anarekebisha mambo ya watu wengine kwa maneno.

"Wamekufukuza?"

"Bado. Wananipa nafasi ya kujieleza kwanza, ili nisiseme sikusikilizwa."

"Nisomee. Mimi leo ni nusu kipofu."

Alimsomea. Kwenye orodha ya nakala mume alicheka hadi plasta ikamvuta. "Mlinzi Mkuu naye kapata? Ili uking'ang'ania getini akukimbize?"

"Ili nisitoke na dhahabu yao."

"Dhahabu ya chupa nzima si uliniambia haizibi hata jino?"

"Haizibi."

"Mke wangu, kwa umri wetu huu, waombe radhi yaishe. Wape hilo neno lao wakalale nalo."

"Niombe radhi kwa kosa gani? Kwa kukushika mkono kwenye benchi la hospitali?"

Jicho lililo wazi lilimtazama kwa muda mrefu. "Basi," mzee alisema. "Usiombe." Kisha, kwa sababu hakuweza kujizuia kutoa ushauri: "Ila unalia na karatasi bure. Mimi redio ikizima sikuwa nasoma barua yake. Nilikuwa naifungua."

Asubuhi aliifungua. Chupa kubwa ya 318 ilikuwa kabatini, robo tatu imejaa. Aliishika dhidi ya dirisha. Wekundu ulikuwa sawa kabisa. Aliyeipika alikuwa amefuata kila hatua, na hilo lilimkera zaidi, maana ni vigumu kumchukia mtu aliyechemsha vizuri. Lakini koti halionekani kwa macho. Koti linaulizwa kwa chumvi. Dhahabu iliyo uchi ikionja maji ya chumvi hukimbiliana, hushikana mabonge, na rangi huhama kutoka nyekundu kwenda bluu. Iliyovikwa vizuri haina habari na chumvi.

Alienda chumba cha chai, akarudi na kijiko cha chumvi ya mezani, akaiyeyusha. Tone kwenye 317: nyekundu. Tone kwenye 319: nyekundu. Tone kwenye 318, na akahesabu hadi nne. Wekundu uliingia zambarau, ukawa bluu ya chupa ya wino, na chini kikaanza kutua kivumbi cheusi.

"Mmeivika matambara," alisema kwa sauti.

Alimkuta Nadharia kwenye korido, akichora kitu kwenye kiganja. "Kijana, ile 318 uliikoroga muda gani?"

"Kama kawaida, mama," alisema Nadharia, na akayatazama viatu vyake kana kwamba jibu liko huko chini na yeye analisoma tu.

"Kawaida ya nani?"

"Ya… fomu."

Alimwacha, akapanda ghorofa ya tatu. Profesa alikuwa nyuma ya meza yake, akitia sahihi. Kila Ijumaa, na mara nyingine Alhamisi kama Ijumaa ina safari, aliletewa rundo la fomu, akazitia sahihi huku akiongea, bila kuziangalia, mkono wake ukienda wenyewe kama mguu wa mtu anayeota anakimbia. Tone moja la shukrani lilikuwa limebaki moyoni mwa Mama Chupa kwa mtu huyu, ambaye siku moja miaka mingi iliyopita alimpa koti lake jeupe la maabara kwa sababu stoo hawakuwa na saizi yake. Alilitumia tone hilo lote kufungua mlango taratibu.

"Profesa, unakumbuka ulinipa ruhusa ya siku tatu? Mzee wangu alipofanyiwa jicho."

"Pole sana kwa mzee. Anaendeleaje?"

"Anaendelea. Ruhusa unaikumbuka?"

Profesa aliweka kalamu chini. Alikuwa na uso mzuri wa kusikitika, na aliutumia. "Mama, mimi naongea na watu arobaini kwa siku. Una karatasi?"

"Ulisema karatasi za nini, sisi ni familia."

"Inawezekana nilisema." Akachukua kalamu tena. "Lakini kamati, unajua, itataka karatasi."

Alishuka ngazi. Hasira yake haikuwa ya kupiga meza. Ilikuwa ya wale wanaoosha. Aliosha vyombo vyote vya maabara siku ile, vikiwemo vilivyokuwa safi, mara kumi na moja kila kimoja. Wanafunzi wawili walioingia kutafuta bika walitoka bila bika. Mume alimuuliza jioni amejieleza vipi. Alisema hajajieleza. Hakuwa na cha kueleza. Alikuwa na cha kuonyesha.

Ijumaa saa nne kamili kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu na saa iliyokufa ukutani. Mwenyekiti alikuwa Afisa Utumishi, mama mwenye miwani mnyororoni, ambaye hakuinua macho kutoka kwenye karatasi kwa sababu kwa uzoefu wake watu hubishana na karatasi hazibishani. Mjumbe wa pili alikuwa Profesa, ambaye pia ndiye mlalamikaji, na hakuna aliyeona ajabu. Wa tatu alikuwa Mkutubi, mzee mkimya mwenye sweta, na hapo ikaeleweka kwa nini Maktaba walipata nakala: kanuni ilitaka mjumbe mmoja asiyehusika, na katika Taasisi nzima ni maktaba tu ambako hakuna aliyekuwa akienda. Nadharia aliitwa kama shahidi. Alikaa pembeni, magoti juu, kama panzi aliyekunjwa.

Mama Chupa aliingia na trei. Juu yake alikuwa amepanga vichupa sita, kuanzia 315 hadi 321, na katikati, mahali pa 318, hakuweka kitu. Pembeni kulikuwa na chupa kubwa ya 318 na bakuli dogo la maji ya chumvi.

"Hii ni kamati," alisema Afisa Utumishi. "Si maonyesho."

"Maonyesho yalishindikana kwa uzembe wangu, mmeandika wenyewe. Nayarudia."

Mkutubi alivuta kiti mbele. "Hivi ni ngapi kwa jumla, mama?"

"Rafuni viko mia tatu na ishirini. Mipiko ni mia tatu ishirini na moja."

"Unakosa kimoja."

"Sikikosi. Sikukiweka. Sikuwepo."

"Fomu inasema ulikuwepo," alisema Afisa Utumishi, na akaigeuza ili wote waione. Mtengenezaji: Fundi Mkuu wa Maabara. Muda wa kukoroga: dakika 40. Sahihi ya Profesa ilitapakaa chini kwa urefu wa sentimita tisa.

"Fomu imechapishwa hivyo tangu miaka tisa iliyopita. Hata nikifa, mwenyekiti, fomu hiyo itanipikisha kaburini."

Mkutubi alitoa mlio mdogo ambao kwa mtu mwingine ungekuwa kicheko. "Kwenye rafu zangu," alisema, "pengo lina maana mbili. Ama mtu kachukua, ama hakuna aliyeleta. Aliyeweka mia tatu kumi na saba bila kuruka, akaruka kimoja, halafu akaendelea… mimi ningeuliza siku hiyo alikuwa wapi."

"Mkutubi," alisema Profesa kwa upole, "hapa hatuzungumzii mapambo. Taa ziliwaka hafifu. Dhahabu ilikuwa mbovu. Mwenye dhahabu ni mmoja."

"Na tuuone basi huo ubovu wake," alisema Mama Chupa.

Akavuta bomba la kudondoshea. Hakueleza mengi. Alisema dhahabu yenye koti zima haiogopi chumvi, yenye koti bovu inageuka bluu, kisha akaanza kudondosha, tone kwenye kila kichupa. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Afisa Utumishi aliinua macho kwa mara ya kwanza. Halafu alimimina kidogo kutoka chupa kubwa ya 318 kwenye kichupa kitupu, akakiweka mahali pa pengo, akadondosha.

Moja. Mbili. Tatu.

Zambarau ikapanda kutoka chini kama aibu. Kisha bluu.

Na hapo Nadharia akasimama. Hakusimama kama shahidi. Alisimama kama mtu aliyekaa mwezi mzima na kitendawili tumboni, akala nacho, akalala nacho, akakosa jibu, na sasa jibu limewekwa mbele yake kwenye trei. Uso ulimfunguka. Alisahau kamati, alisahau shahada, alisahau viatu.

"Halijafunga!" alisema. "Koti halijafunga! Si jembamba, lina matundu! Mimi nilidhani dakika kumi zitatoa koti la robo, dhahabu isogee karibu na fuwele, mwanga uongezeke mara mbili, hesabu zangu zote zilisema hivyo! Kumbe kwenye dakika kumi koti halipo kabisa, ni vipande vipande, dhahabu inagusa fuwele moja kwa moja, inanyonya kila kitu! Profesa, si nilikwambia pale korido kuhusu dakika kumi, ukasema 'vizuri, vizuri'? Ndiyo maana! Ndiyo maana ziliwaka vile!"

Akamgeukia Mama Chupa akiwa na furaha tupu. "Mama, hii chumvi umeijulia wapi? Ni nzuri mno!"

Kalamu ya Afisa Utumishi ilikuwa inaandika. Iliandika kwa muda, ikaweka nukta, na Nadharia, ambaye kwa kawaida alihitaji mchoro ili kuelewa jambo, alielewa bila mchoro. Alikaa chini polepole, kiungo baada ya kiungo.

"Alikoroga dakika kumi," Afisa Utumishi alisoma alichoandika. "Yeye. Akamwarifu Profesa kwa mdomo. Profesa akajibu vizuri, mara mbili."

"Mimi husema vizuri kwa kila mtu," alisema Profesa.

"Nimeandika hivyo pia."

Yaliyofuata yalichukua dakika tatu, kwa sababu Taasisi ilikuwa hodari wa kumaliza mambo mara tu yanapoacha kumhusu mtu mdogo. Profesa alisema ni jambo la kujifunza kwa wote. Alisema jaribio hili la chumvi linafaa kuandikiwa makala, na kwamba yeye na kijana wataiandika, na kwamba fundi atashukuriwa. Afisa Utumishi alifunga jalada na kusema kwamba shauri limekwisha, mama anaweza kurudi kazini.

Mama Chupa hakuinuka.

"Kuna lingine?"

"Barua ilikwenda kwa watu sita. Hiyo ya kuifuta inakwenda kwa wangapi?"

"Kwa kawaida mhusika anaarifiwa kwa mdomo."

"Kwa mdomo nimeshaonja." Aliikunja mikono juu ya meza. "Mlinzi Mkuu tangu wiki iliyopita ananipekua mkoba. Ununuzi wamenikatalia glavu hadi ijulikane kama nabaki au naondoka. Niliitwa mzembe kwa muhuri. Naomba nisafishwe kwa muhuri. Nakala sita. Nitakaa hapa."

"Mama," alisema Profesa, "tusikuze mambo. Sisi ni familia."

"Familia yangu ina jicho limefungwa plasta, Profesa, na kwa jicho hilo moja inaona kuliko ninyi wote. Wewe ulijua sikuwepo. Uliniangalia usoni ukaniuliza karatasi. Miaka ishirini na miwili nakuoshea chupa. Usiniite familia tena. Niite fundi."

Hakupaza sauti. Mkutubi baadaye alisema kwamba hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Barua ilichapwa palepale, yeye akiwa amekaa. Alipopewa aisome aliomba kalamu. Ilikuwa imeandikwa kwamba imebainika "hana hatia ya kutosha". Akafuta maneno mawili ya mwisho. Ilikuwa imeandikwa kwamba kosa lilitokana na "mazingira". Aliuliza mazingira hayo yana urefu gani na yanasoma shahada gani. Ikachapwa tena. Ya tatu ndiyo aliyoikubali, na aliibeba mwenyewe ofisi kwa ofisi, nakala sita, kila moja akidai sahihi ya kupokea. Mlinzi Mkuu alitia sahihi getini, akaomba msamaha, kisha kwa mazoea akapekua mkoba.

Alasiri Nadharia alikuja maabara akasimama mbali na sinki. "Mama, nilikudanganya."

"Najua."

"Niliogopa."

"Hilo pia najua. Mimi je, ulidhani siogopi?" Alikausha mikono. "Chukua kichupa. Jaza hiyo bluu yako. Andika lebo kwa mkono wako, na uandike kila kitu."

Aliandika kila kitu. Alikuwa mwanasayansi, hata hivyo. Kichupa kikaingia kwenye pengo, na ukuta wa yakuti ukapata jino jeusi katikati. Fomu mpya zilichapishwa mwezi uliofuata, zenye mistari mitupu ya kujazwa kwa kalamu. Profesa sasa huzisoma, au angalau huzishika kwa muda unaofanana na kusoma.

Wageni waliendelea kuja. Wa kwanza baada ya mkasa ule walikuwa wanne, na Profesa aliwasimamisha mahali pale pale pa picha, mbele ya dirisha, jua likipenya kwenye wekundu wa miaka kumi na mmoja. Mgeni mmoja aliinama, akaonyesha kidole.

"Na hiki cha bluu?"

"Hicho," alisema Profesa bila hata kumeza mate, "ni sampuli ya makusudi. Tuliiharibu sisi wenyewe, kwa ajili ya kulinganisha."

Mama Chupa alikuwa kwenye sinki, mgongo kwao, akisuuza chupa kwa mara ya tisa. Hakugeuka.

"Someni lebo," alisema, na akafungulia maji ya kumi.

Mgeni alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, kwa sababu mwandiko wa Nadharia ulikuwa mdogo na alitaka wenzake wasikie: "Mia tatu kumi na nane. Dakika kumi. Imekorogwa na mwanafunzi. Imetiwa sahihi na Profesa bila kusomwa. Fundi hakuwepo."